Betri mpya, chaji ipo, na kompyuta inazima

Saa tano na robo usiku, nikiwa katikati ya sentensi, skrini ikawa nyeusi. Hakukuwa na onyo la chaji, wala mlio, wala ule ujumbe wa kuaga ambao kompyuta hutoa inapojifunga yenyewe. Feni ilinyamaza papo hapo. Dakika moja kabla nilikuwa nimetupia jicho pembeni ya skrini, na betri ilikuwa inasoma asilimia 37. Betri yenyewe ilikuwa na siku tatu tangu niifunge.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Nikikatizwa, sipotezi maandishi tu. Napoteza pia pale nilipofika kwenye sauti, na yale maneno niliyoyarudia mara nne mpaka nikayapata. Usiku ule nilikasirika kwelikweli. Nikachomeka chaja, nikabonyeza kitufe, mashine ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Betri ikasoma 36.

Hiyo 36 ndiyo iliyonisumbua kichwa kwa wiki tatu. Ilikuwa na maana mbili tu. Ama namba inadanganya, betri iliisha chaji kweli na kipimo chake hakijui. Au namba ni ya kweli, chaji imo ndani, ila betri inashindwa kuisukuma nje inapotakiwa. Ukiangalia kwa nje, mambo haya mawili yanafanana kabisa: skrini nyeusi, kimya. Lakini la kwanza linatibika ukiwa umekaa nyumbani, na la pili halitibiki. Betri inarudi ilikotoka. Naandika kwa ajili ya yeyote anayehangaika sasa hivi na laptopu ya namna hii, ili asipite njia ndefu niliyopita mimi.

Nianze na betri ya zamani. Ilikuwa imefikisha miaka mitano na imechoka. Kwenye Windows kuna amri moja ambayo naipenda sana, powercfg /batteryreport, unaiandika kwenye dirisha la amri na inakutengenezea ukurasa mzima wa historia ya betri yako. Ukurasa ule uliniambia kwamba betri iliyotengenezwa kubeba wati-saa 42 sasa inabeba 17. Tena ilikuwa imeanza kuvimba. Niligundua kwa vidole kabla ya macho: kile kibao cha kugusia chini ya kibodi kilikuwa kigumu kubonyea upande wa kushoto, kama kuna kitu kinakisukuma kutoka chini. Kama na wewe unahisi hivyo kwenye mashine yako, acha kuitumia leo. Usiikandamize ili irudi, usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe na takataka za kawaida. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi.

Niliagiza nyingine kwa muuzaji wa mtandaoni. Lebo ilikuwa sawa na ya ile ya kwanza: volti 11.4, mAh 3684 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 3.684), wati-saa 42. Ukizidisha 11.4 kwa 3.684 unapata 42, kwa hiyo angalau hesabu ya lebo ilikuwa inakubali. Ni jambo dogo, lakini fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu lebo ambayo namba zake hazizidishiki ni lebo iliyoandikwa na mtu asiyejali.

Kuifunga kulichukua nusu saa. Skrubu kumi chini, mbili za nyuma ndefu kuliko nyingine, kadi ya plastiki ya kubandulia ukingo, kisha unachomoa plagi ya betri ya zamani, unatoa skrubu nne zinazoishika, unaweka mpya. Ilipowaka ilisoma 27. Hilo halikunishtua. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake kwa ndege haziruhusiwi kuwa na chaji zaidi ya asilimia 30, kwa hiyo betri mpya nyingi hufika zikiwa hivyo. Nikaichaji mpaka 100, nikatoa ile ripoti tena. Uwezo wa kiwandani: 42. Uwezo wa sasa: 42. Mizunguko ya kuchaji: 0. Nikafurahi.

Furaha hiyo haikuwa na msingi. Betri ya laptopu ina kibao kidogo cha saketi ndani yake, chenye chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Chipu hiyo ikiwa mpya haijapima kitu. Inasema 42 kwa sababu kiwandani iliambiwa iseme 42. Namba mbili zinazolingana mpaka tarakimu ya mwisho hazikuonyeshi kwamba betri ni nzima. Zinakuonyesha kwamba betri bado haijajijua.

Baada ya kuzimika mara ya kwanza nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nililaumu programu. Nikasasisha Windows, nikasasisha BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows), nikaondoa kiendeshi cha betri, yaani programu ndogo inayoifanya Windows izungumze nayo, na kukirudisha. Kwenye kumbukumbu za matukio nikakuta mstari mwekundu, Kernel-Power namba 41, nikautafuta mtandaoni na kusoma kurasa kwa saa mbili. Nakuokolea saa hizo mbili. Mstari huo unasema tu kwamba mashine iliwaka baada ya kuzimika bila kuagwa. Kompyuta inauandika ikishaamka, kama mtu aliyeamka sakafuni akaandika kwamba alianguka. Hausemi nani alimsukuma.

Kesho yake nikampigia mdogo wangu, ambaye ni fundi wa simu na ana subira kuliko mimi.

"Dada, ikiwa kwenye chaja inazima?"

"Haizimi."

"Umeijaribu kwa muda gani?"

Nikakaa kimya, maana nilikuwa nimeijaribu kwa muda wa kunywa chai.

"Ijaribu siku nzima, kwa kazi nzito, chaja ikiwa imechomekwa. Halafu fungua chini uniambie kama waya wa feni uliurudisha vizuri."

Swali la feni lilinichoma kidogo, lakini lilikuwa swali zuri. Mtu akifungua laptopu kubadilisha betri, mkono wake unapita juu ya nyaya nyembamba, na waya wa feni ni rahisi kuulegeza bila kujua. Feni isipozunguka, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inapata joto na mashine inajizima ili isiungue. Utaapa kwamba ni betri mpya, kumbe ni kitu ulichokigusa ulipokuwa unaiweka. Ndiyo maana jaribio la chaja lina uzito. Kama tatizo ni joto, au kumbukumbu, au ubao mama, mashine itazima hata ikiwa kwenye chaja. Kama inazima kwenye betri tu, basi unaweza kuyaweka hayo yote pembeni na kushughulika na betri, plagi yake, na njia ya umeme kutoka betri hadi ubaoni.

Niliiacha kwenye chaja siku mbili. Mchana nilibadilisha faili za video kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, kazi inayoifanya prosesa ikimbie mpaka mwisho. Joto lilifika nyuzi 88 na mashine haikutetereka. Jioni ya siku ya pili nikachomoa chaja, nikaendelea na kazi ileile. Ilizima ikiwa na 44. Joto lilikuwa nyuzi 71. Feni na joto nikavifuta kwenye daftari.

Nilifungua chini hata hivyo. Plagi ya betri ina pini nane: kadhaa za chanya, kadhaa za hasi, na katikati zile nyembamba ambazo betri hutumia kuzungumza na kompyuta na kueleza joto lake. Nikawasha tochi ya simu na kuangalia kwa ubavu. Upande mmoja wa plagi ulikuwa umeingia mpaka mwisho, upande wa pili umebaki nje kiasi cha unene wa ukucha. Moyo ulinidunda. Hii ndiyo yenyewe, nikajisemea. Nikaichomoa, nikaangalia kama kuna pini iliyopinda, hakuna, nikairudisha kwa vidole gumba viwili sawasawa mpaka nikahisi imekaa. Kabla ya kuirudisha nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, betri na chaja vikiwa vimechomolewa, ili mabaki ya umeme yaishe na kile kidhibiti kidogo cha betri kwenye ubao kianze upya.

Siku moja nzima haikuzima. Siku ya pili ilizima ikiwa na 31.

Plagi iliyokaa upande ni kosa la kweli, na nafurahi nililirekebisha, maana mguso mbaya huongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, na pini hupata joto. Lakini halikuwa kosa lenyewe. Nalisema hili kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa: umepata kitu kibovu, umekitengeneza, na ugonjwa uko palepale.

Muuzaji, nilipomwandikia, alijibu sentensi moja: irekebishe kipimo. Wote husema hivyo, na mara nyingi ni kweli, kwa hiyo nilifanya. Unachaji mpaka 100, unaiacha saa mbili itulie, kisha unaitumia mfululizo mpaka izime, unaiacha izimike saa chache, halafu unachaji tena mpaka 100 bila kukatisha. Lengo ni chipu ya ndani ione juu kabisa na chini kabisa, ijue umbali kati ya hapo. Kwa kuwa Windows hujilaza yenyewe chaji ikipungua sana, niliingia kwenye ukurasa wa BIOS nikaiacha hapo, skrini imetulia, hakuna inachofanya.

Ikashuka taratibu. 40, 30, 20. Nilikuwa nasubiri izime kwenye thelathini na kitu kama kawaida yake. Ikapita. Ikafika 4 ndipo ikazima.

Nilipochaji tena na kutoa ripoti, uwezo wa sasa haukusoma tena 42. Ulisoma 38.6. Kwa mara ya kwanza namba ile ilikuwa imepimwa. Nikashukuru, nikaandika kwenye daftari "imepona", nikapiga mstari chini yake. Kesho yake mchana, nikiwa kwenye mkutano wa video, ikazima ikiwa na 39.

Daftari hilo ndilo lililoniokoa, kwa hiyo nilizungumzie. Tangu mwanzo nilikuwa naandika kila mara mashine ilipozima: saa, asilimia, joto kama nililiona, na nilikuwa nafanya nini. Ilipofika mara ya tisa nikakaa nikaisoma safu ile ya mwisho peke yake. Kuandika tu huku nasikiliza sauti: 31, 28, 33, na ile 37 ya kwanza, ambayo nikikumbuka vizuri ilikuja nilipobonyeza kufungua kivinjari. Mkutano wa video: 39, 41. Kubadilisha video: 44, 46. Ukurasa wa BIOS usiofanya kitu: 4.

Soma tena. Kadiri kazi inavyokuwa nzito, ndivyo inavyozima mapema. Kama kipimo kingekuwa kinadanganya, kingedanganya kwa namna moja, na mashine ingezima karibu na namba ileile bila kujali nafanya nini. Betri tupu ni tupu hata kama umekaa kimya. Hii haikuwa tupu. Ilikuwa inabeba mzigo mwepesi mpaka mwisho wa safari, na ukiiongezea mzigo ghafla inapiga magoti.

Hapo nikataka kuona volti.

Asilimia ni hesabu ya chipu. Volti ni kitu chenyewe, na Windows haikuonyeshi waziwazi. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ipo wazi, kwenye folda ya /sys/class/power_supply/BAT0, faili moja inaitwa voltage_now na nyingine power_now au current_now kutegemea mashine. Huna haja ya kufuta Windows. Unawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi yenye Linux na kurudi baadaye. Nikaandika programu fupi ya mistari sita inayosoma faili hizo kila sekunde mbili na kuandika saa, volti na wati kwenye fleshi. Mara ya kwanza nilipofungua matokeo, faili lilikuwa limeishia dakika nzima kabla ya kuzima. Kompyuta huweka maandishi kwenye kumbukumbu kwanza kabla ya kuyateremsha kwenye fleshi, na umeme ukikatika ghafla yale ya mwisho hupotea, nayo ndiyo niliyoyataka. Nikaongeza amri ya sync, inayolazimisha maandishi yateremke papo hapo, baada ya kila mstari. Ukifanya jaribio hili, usiisahau.

Mara ya pili nilipata hiki. Betri inasoma 38. Nimekaa bila kufanya kitu: 11214000, ambayo ukiigawa kwa milioni ni volti 11.21, na mashine inakula wati 7. Mistari ishirini hivi ya namna hiyo, volti ikicheza kwenye tarakimu ya mwisho tu. Nikaanzisha kazi ya video. Mstari uliofuata: volti 10.02, wati 26. Uliofuata: volti 9.74, wati 31. Baada ya hapo hakuna mstari.

Nilikaa nikiutazama ule mstari wa mwisho kwa muda mrefu. Volti moja na nusu imeporomoka ndani ya sekunde nne.

Betri hii ina seli tatu zilizofuatana kama behewa za treni. Kila seli ya aina hii hukaa karibu na volti 3.8 kwa wastani, na ikishuka chini ya 3 iko mwishoni. Ukijumlisha tatu unapata zile 11.4 za kwenye lebo. Lakini kompyuta inaona jumla, haioni seli mojamoja. Saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ndiyo inayoangalia kila seli, na inatazama iliyo dhaifu kuliko zote. Chukua 9.74. Kama seli zote zingekuwa sawa, kila moja ingekuwa na 3.25, na hakuna sababu ya kuzima. Ila mbili zikiwa na 3.6, ya tatu inabakiwa na 2.5, na saketi ya ulinzi ikiona hivyo inakata umeme bila kumuuliza mtu. Windows haipati nafasi ya kukuonya kwa sababu yenyewe haikuambiwa. Mara mbili baada ya kuzima, mashine ilikuwa imegoma kabisa kuwaka mpaka nichomeke chaja, na nikaelewa kwa nini: saketi za namna hiyo, nyingi zikishakata, husubiri zione umeme wa chaja ndipo zifungue tena.

Hesabu nyingine ndogo ilinipa namba ya kumshikia muuzaji. Wati 7 kwa volti 11.21 ni ampea 0.62. Wati 31 kwa volti 9.74 ni ampea 3.18. Mkondo umeongezeka kwa ampea 2.56 na volti imeshuka kwa 1.47. Gawanya: omu 0.57. Huo ndio ukinzani wa ndani wa betri pamoja na plagi na njia yake. Hapo sikuwa na cha kulinganisha nao, lakini niliiandika na kuizungushia duara.

Kwa nini prosesa inavuta ghafla hivyo? Prosesa ya laptopu iliyoandikwa wati 15 haikai kwenye 15. Ukifungua kivinjari, inajiruhusu kupanda maradufu au zaidi kwa sekunde chache ili ukurasa ufunguke upesi, kisha inashuka. Kwa betri nzima ni jambo la kawaida. Kwa betri yenye seli mgonjwa, hizo sekunde chache ndizo zinazoua.

Basi nikataka kuthibitisha kwa upande wa pili, nikazuia huo mpando. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kwenye mashine ambazo mpangilio huo unaonekana, kuna kikomo cha juu cha prosesa, na kawaida kimewekwa 100%. Ukikishusha hadi 99% kwa upande wa betri, prosesa haipandi tena juu ya mwendo wake wa kawaida. Asilimia moja kwenye karatasi, lakini ndiyo inayofunga ule mlango wote. Nikafanya hivyo, nikarudi kwenye kazi yangu ya kuandika, mkutano wa video, kila kitu. Siku hiyo ilifika 9. Kesho yake ikafika 11. Betri ileile, chaji ileile, chipu ileile.

Kama huwezi kubadilisha betri leo na kazi inakusubiri, tumia hiyo 99% kama gongo la kutembelea. Mashine itakuwa nzito kidogo, lakini haitakuangusha katikati ya sentensi. Usizoee tu, maana seli iliyochoka huendelea kuchoka.

Nilimwandikia muuzaji tena. Safari hii sikusema "inazima yenyewe". Nilimtumia mistari ya mwisho ya faili, safu ya daftari langu, na ile omu 0.57. Alijibu kesho yake akasema atatuma nyingine. Sina hasira naye. Betri inaweza kukaa kwenye boksi ghalani muda mrefu, seli moja ikavuja chaji kuliko wenzake, na yeye anayeifunga haioni. Kinachoniuma ni ule ushauri wa kurekebisha kipimo kutolewa kwa kila mtu kabla ya swali hata moja. Swali lilikuwa moja: inazima ukiwa unafanya nini?

Betri ya pili ilipofika, sikusubiri wiki tatu. Niliifunga, nikabonyeza plagi kwa vidole gumba viwili na kuiangalia kwa tochi pande zote, nikachaji mpaka 100, nikaishusha hadi 38 kwa makusudi, nikawasha Linux kutoka kwenye fleshi ileile na programu ileile ya mistari sita. Nimekaa kimya, wati 7: volti 11.32. Nikaanzisha kazi ya video, vidole vikiwa juu ya kibodi kana kwamba naweza kuizuia isianguke. Wati 31: volti 10.97. Mstari uliofuata, 10.96. Uliofuata, 10.97. Nikaiacha robo saa. Nikapiga hesabu pembeni ya ile duara: omu 0.16.

Nikairudisha prosesa kwenye 100%. Usiku ule nilikuwa na mahojiano ya saa moja na nusu ya kumaliza, na nikachomoa chaja kwa kusudi. Saa sita kasoro ikasoma 20, nikaendelea. Kwenye 10 ikatoa lile onyo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwezi mzima, nikalifunga na kuendelea. Kwenye 5 skrini ikafifia, taa ya diski ikawaka mfululizo, mashine ikajilaza yenyewe. Nikachomeka chaja, nikaiamsha. Kishale kilikuwa pale nilipokiacha, katikati ya neno, na sauti imesimama kwenye sekunde ileile.

Ile mpya ya kwanza, yenye seli mgonjwa, nimeifunika plagi yake kwa utepe, nimeirudisha kwenye boksi lake, na inasubiri kwenda kwa wanaopokea betri chakavu.